Mwenyekiti wa Kamati ya Kuzika Majina

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya ajabu. Nimepewa kamati!

Lakini nianze mwanzo. Asubuhi alikuja mama wa mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili. Ameitwa na mkuu wa shule kwa utoro wa binti yake. Daftari langu la mahudhurio halidanganyi: wiki mbili nzima, vijiduara vyekundu kumi. Hayupo, hayupo, hayupo. Mama huyo ni mchora mabango, ana rangi ya buluu chini ya kucha. Akasema binti yake hutoka nyumbani kila siku saa kumi na mbili na nusu, amevaa sare, amebeba mkoba. Mkuu akavua miwani, akaivaa tena. (Ndiyo maana mimi humwita Miwani. Kwa siri, humu tu.) Wakanifuata darasani wote wawili kuuliza huyu mtoto huwa anakwenda wapi.

Alikuwa ameketi dawati la tatu, kando ya dirisha. Ameketi hapo hapo wiki zote mbili.

Ikabidi nieleze. Mimi nikiita majina siinui macho. Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii, sauti zote nazijua. Mtu akisema "nipo", naweka alama. Asiposema, nachora kijiduara. Huyu hakusema. Sasa kosa langu liko wapi?

Kumbe haitiki kwa sababu akifungua mdomo tu, darasa zima hufanya "shwiii", kama bomba lililofunguliwa likatoa hewa. Ni mtoto wa kufikiri kabla ya kujibu. Hufikiri sana. Basi wenzake wamembandika jina, Bomba Kavu. Sijui wamelitoa wapi. Aliyelitunga ana kipaji, lazima nikiri.

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema kwa sauti ya chini kwamba anatupa hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Binti yake asipoitika jina lake kwa mdomo wake mwenyewe, atachukua barua ya uhamisho na kumpeleka shule ya upande wa pili wa mji, mabasi mawili kwenda, mawili kurudi. Binti akatazama nje. Kulikuwa na wingu dogo. Nikalitazama na mimi. Wingu zuri, lina umbo la kisiwa, na upande wa kusini lina ghuba.

Nilipogutuka, Miwani alikuwa ameshanitangaza mwenyekiti wa Kamati ya Kuzuia Majina ya Kejeli. Mjumbe wa pili ni mwalimu wa hesabu, yule Rula: mrefu, kanyooka, hana mzaha hata kwa bahati mbaya. Na cheo cha makamu wa mkuu kiko wazi tangu Januari! Ofisi ya makamu ina dirisha pana linalotazama bustani. Naomba Mungu Rula asiwe ameliona hilo dirisha.

(Kumbuka: kutazama daftarini jina halisi la Bomba Kavu. Mwenyekiti anapaswa kulijua.)

Jumanne, 5 Machi

Nimeota kipindi cha nne, watoto wakinakili ramani ya mikondo ya bahari. Joto, vumbi la chaki, feni inazunguka polepole. Niliona shule imetulia tuli. Wanafunzi wanaitana kwa majina matatu matatu, la kwao, la baba na la babu, na wakipishana mlangoni wanainamiana vichwa. Mimi niko dirishani kwangu, pazia linapumua. Rula ananiletea chai na kurudi kinyumenyume.

Nikaamka na mpango. Huwezi kukataza kitu kisichojulikana! Lazima kwanza majina yote ya kejeli yakusanywe, yaandikwe, yabandikwe, ili kila mtoto ajue lipi limekatazwa.

Mapumziko yote nimekusanya. Watoto wameshirikiana kuliko nilivyotarajia. Walipanga foleni! Wamenipa majina sitini na manne. Pasi. Nusu Kilo. Babu Mdogo. Taa ya Nyuma. Sabuni Imeisha. Nilicheka mara mbili, kikazi. Jioni nimeyaandika yote kwenye karatasi ya manila kwa wino ule mweusi wa ramani, kichwa cha habari kwa rangi nyekundu. Namba kumi na saba: Bomba Kavu. Mwandiko umetoka vizuri mno. Herufi B nimeizungusha mkia.

Rula aliuliza kama tuna hakika. Nikamwambia kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo yeye alete gundi.

Jumatano, 6 Machi

Saa moja na nusu orodha imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Saa mbili kasoro robo huwezi kupita! Shule nzima imejazana. Nilisimama pembeni na kikombe changu, moyo umenijaa. Miaka kumi na tisa nimebandika matokeo, ratiba na methali za wiki, wala hakuna aliyewahi kusimama. Leo wanasoma kwa sauti. Wengine wananakili kwenye daftari. Nikajisemea, hiyo ndiyo toba.

Kufikia saa nne nimegundua kwamba haikuwa toba.

Waliokuwa hawajui majina ya wenzao sasa wanayajua. Wa kidato cha kwanza wamewajua wa kidato cha nne. Mmoja alinijia ananung'unika kwamba yeye hana jina lolote kwenye orodha, na akaomba apewe. Mpishi wa shule aliniuliza ni nani aliyemwita Sufuria (namba arobaini na mbili), na alikuwa ameshika mwiko. Nilimwambia hayo ni matokeo ya utafiti.

Baya zaidi. Mchora mabango alikuja kuleta fomu. Akasimama mbele ya ubao. Nilimwona kwa dirisha la ofisi ya walimu, akisoma kuanzia juu, polepole, kidole kikishuka. Kikafika kumi na saba, kikasimama. Nikatoka nimweleze nia njema ya kamati. Akaniambia, "Mwandiko wako mzuri, mwalimu. Unasomeka hata kutoka mbali." Kisha akaenda zake.

Sijui kwa nini sifa ile imenikaa kifuani mchana kutwa. Mtu akisifiwa na fundi wa herufi anapaswa kufurahi. Sikufurahi.

Alhamisi, 7 Machi

Rula ameibandua orodha bila kuniuliza. Ameikunja mara nne, kingo sawasawa, akaiweka mezani kwangu. Utovu wa nidhamu wa mjumbe! Nilimwandikia Miwani barua ya malalamiko, halafu nikaitumia kufutia meza baada ya chai kumwagika.

Mpango wa pili. Sanduku! Nimechukua boksi la chaki, nimelitoboa tundu juu, nimelifunika karatasi ya dhahabu. Kila mwanafunzi atajaza kikaratasi kwa siri na kukitumbukiza. Maswali ni mawili tu. La kwanza, unaitwa jina gani usilolipenda? La pili, nani alilianzisha? Hapo ndipo penye akili. Tukimpata anayeanzisha, tumekata mzizi. Tutamsimamisha mbele ya paredi, ataomba radhi, Miwani atavua miwani kwa hisia, na mtu mmoja atakabidhiwa ufunguo wa ofisi yenye dirisha.

Darasani kwangu nimeita majina leo kwa uangalifu wa pekee. Nilisikiliza kwa masikio yote mawili. Dawati la tatu, kimya. Nikachora kijiduara, halafu nikakumbuka, nikainua macho. Alikuwepo. Ananitazama. Ana macho ya mtu aliyefikiri jibu zamani na anangoja swali. Nikakifuta kijiduara kwa kifutio, karatasi ikatoboka.

Jina lake nimesahau tena kulitazama, kwa sababu ya lile tundu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeleta sanduku nyumbani. Naishi na dada yangu mkubwa, mshona mapazia, tangu alipofiwa na shemeji na mimi nilipoamua kumsaidia. (Yeye husema ndiye anayenisaidia mimi.) Nilimwaga vikaratasi mezani katikati ya vitambaa vyake. Sabini na tisa! Nikaanza kuhesabu waanzishaji.

Matokeo yanashangaza. Vikaratasi hamsini na vitatu vimetaja mtu mmoja: mwalimu wa jiografia.

Nilikaa nikatafakari, cherehani ikiimba. Hatimaye nikaelewa. Yule mzee aliyekuwa akifundisha jiografia kabla yangu! Amestaafu zamani, ana kuku wake huko, na bado sumu yake inafanya kazi shuleni. Ni kweli watoto hawa hawakumkuta. Wengine walikuwa hawajazaliwa. Lakini sumu ni sumu. Nilimweleza dada. Akasimamisha cherehani. Akaniuliza kama ninajisikia ninavyosema. Kisha akasema nyani haoni kundule. Msemo mzuri! Nimeuandika pembeni, nitamtupia Rula siku ya Jumatatu.

Dada hakuishia hapo. Aliniuliza kama nakumbuka nilivyoitwa nikiwa darasa la tatu. Nikasema sikumbuki. Akasema nilikuwa naitwa Mawingu, kwa sababu nilikuwa natazama juu hadi najikwaa, na kwamba nilikataa kwenda shule siku sita, nikajificha chini ya kitanda cha mama, yeye dada akawa ananiletea chakula huko. Nikamwambia amechanganya na ndugu mwingine. Akasema hatuna ndugu mwingine.

Sikumbuki kabisa. Sakafu ilikuwa baridi. Kulikuwa na kiatu kimoja cha baba, cha mguu wa kushoto, na ukilala ubavu uliona miguu ya watu ikipita, ikisimama, ikiulizana huyu mtoto ana nini. Ile "wiii" ya watoto wakipita barabarani, wakiiga upepo. Hapana. Sikumbuki hata kidogo.

Nimemaliza mchana nikimshikia dada pazia akate. Kitambaa cha kijani, laini. Kingefaa sana ofisi ya makamu.

Jumatatu, 11 Machi

Sanduku limefungwa. Mzee wa watu amestaafu, sitamfuata kwa kuku wake. Mimi si mtu wa visasi.

Mpango wa tatu, na huu ndio wenyewe! Jina baya halifukuzwi kwa kelele, linafukuzwa kwa jina zuri. Nimeandika vikaratasi thelathini na nane kwa ajili ya darasa langu, kila kimoja kina jina la heshima kutoka kwenye jiografia. Mlima. Kisiwa. Machweo. Bonde. Mbalamwezi. Nikavitia kofiani. Kila mtu achomoe lake, na kuanzia leo aitwe hivyo. Nilipokuwa nazungusha kofia niliona kila kitu: darasa zima limegeuka nchi, mito inapita kati ya madawati, kila mtoto ana mahali pake, na juu kabisa upepo mwanana.

Mtoto mfupi kuliko wote alichomoa Mlima. Wakaanza hapo. Mwenye kikohozi akapata Volkeno. Mmoja mnene kidogo akapata Bara, mwenzake akauliza kama ana nafasi ya watu wangapi, akapigwa na mkoba. Jangwa na Mvua ambao ni marafiki tangu darasa la kwanza hawasemezani. Nilipiga meza kwa rula ya mbao. Nikasema jamani, Nusu Kilo, kaa chini, na wewe Taa ya Nyuma rudisha kiatu cha mwenzako! Wakacheka zaidi. Sijui ni kwa nini.

Yeye, wa dawati la tatu, alichomoa Ziwa. Nilifurahi, maana hakuna jina lenye maji kuliko hilo. Sauti moja nyuma ikasema lililokauka. Shwiii.

Hakulia. Alikikunja kikaratasi vizuri, akaja mbele, akakirudisha kofiani. Akarudi kuketi. Nilibaki nimeshika kofia.

Zimebaki siku nne.

Jumatano, 13 Machi

Ugomvi na Rula. Ugomvi wa upande mmoja, kwa sababu yeye hagombani, anauliza maswali tu. Ofisi ya walimu ilikuwa na sisi wawili na birika la chai.

Aliniuliza yule binti anaitwa nani.

Nikasema swali la msingi, nitalitazama daftarini.

Akaniambia mwezi Januari alikuwa anapita nje ya darasa langu na akasikia. Binti alikuwa amesimama anafikiri jibu, na mimi nikasema jamani, hili bomba leo kavu? Darasa likacheka dakika nzima.

Nimemweleza Rula kwamba ule ulikuwa utani wa kielimu. Tulikuwa kwenye mada ya maji ya chini ya ardhi! Mfano lazima utoke mahali. Na tena nilisema kwa upole, nikitabasamu. Halafu nikamtupia ule msemo wa dada, nyani haoni kundule. Akanitazama muda mrefu. Akasema ni kweli kabisa. Nadhani umemwingia.

Yeye ana pendekezo lake. Anasema mtu aite majina huku ameinua macho, amtazame kila mmoja, na akifika kwa yule binti angoje. Angoje tu. Atakayefanya shwiii atazamwe, bila neno, hadi aone aibu. Nikamuuliza na baada ya hapo? Akasema basi, ni hilo tu.

Huo si mpango! Hauna bango, hauna sanduku, hauna hata mwenyekiti. Nimeukataa kwa kura moja dhidi ya moja, kura ya mwenyekiti ikiwa nzito.

Baadaye nilimwona binti uwanjani peke yake, ameegemea ukuta wa maktaba, kichwa juu. Nikatazama anakotazama. Mawingu mawili yalikuwa yanakaribiana taratibu kabisa. Tulisubiri yakutane, yeye kule na mimi huku. Kengele ikalia kabla hayajagusana. Nilisikitika kwamba keshokutwa anaweza kuwa anangoja basi la pili upande wa pili wa mji. Nilisikitika sana, nasema kweli. Dirisha la makamu lilinitoka akilini kwa karibu dakika nzima.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeupata! Tutayazika!

Majina yote sitini na manne, vikaratasi vyote sabini na tisa, ndani ya sanduku la dhahabu, yanazikwa ardhini mbele ya shule nzima. Hotuba fupi (dakika arobaini). Kila mwanafunzi anatupia udongo. Mtu hawezi kuitwa jina ambalo ameona kaburi lake. Na mahali nimeshapachagua: kwenye bustani, chini ya dirisha la darasa langu, ili yule binti aone kila siku jina lake lilivyolala.

Miwani alikubali haraka. Alikuwa anatafuta faili na nadhani alisikia nusu. Alisema tu nisiguse upande wa ukutani, kuna kitu huko, nimuulize fundi kwanza. Fundi hakuwepo. Udongo wa upande wa ukutani ndio laini.

Nimeazima sululu kwa mtunza bustani. Nitaanza kuchimba kesho saa moja na nusu, kwa hiyo nimemwomba Rula aniitie majina darasani. Akauliza kama anaruhusiwa kuita anavyotaka. Nikasema aite hata kwa kuimba, mimi nina kazi kubwa.

Dada ameniuliza sanduku ni la nini. Nikamweleza. Akasema kitu kikizikwa hai hakifi. Akanikatia hata hivyo kitambaa cha kijani cha kufunikia. Ana moyo, dada yangu.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Dada amekataza nisiseme.

Nilianza kuchimba kwa wakati. Asubuhi safi, umande, ndege. Kupitia dirishani nilimsikia Rula akiita majina. Si kama ninavyoita mimi, mbio mbio. Jina, kimya, nipo. Jina, kimya, nipo. Kama mtu anapanda ngazi bila haraka. Niliinua kichwa nikachungulia. Alikuwa amefunga daftari! Anaita kwa kichwa, anamtazama kila mtoto usoni. Majivuno. Na kwenye mlango wa darasa amesimama mchora mabango, bahasha ya barua ya uhamisho mkononi.

Akafika dawati la tatu. Akaita. Akangoja.

Kimya. Darasa zima limeshika pumzi. Nikaona midomo ya wale wa nyuma inaanza kujikunja. Rula akawageuzia macho. Midomo ikanyooka. Akangoja tena. Sijawahi kusikia darasa langu limenyamaza kiasi kile. Mimi nikaona ni muda mwafaka wa kuendelea, nikanyanyua sululu nikaipiga chini kwa nguvu zangu zote.

SHWIIII!

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimevunja bomba. Bomba kuu la shule! Maji yaliruka hadi juu ya dirisha. Yalinipiga kidevuni, yakanivua kofia, yakalichukua sanduku la dhahabu, na vikaratasi vyote sabini na tisa vikaelea kwenye majani. Nikakaa juu ya tundu. Maji yakatafuta njia nyingine. Nikainuka nikaweka mikono. Darasa zima lilikuwa dirishani, linacheka hadi linashikilia mbavu. Na yeye pia! Nilimwona. Mkono mdomoni, mabega yanatetemeka, machozi ya kicheko. Ana pengo dogo la meno ya juu. Sikuwahi kuliona.

Rula hakucheka (hawezi). Aliinua mkono mmoja tu, watoto wakarudi madawatini wakicheka chinichini. Akaita tena jina lile lile, kwa sauti ile ile, kana kwamba hakuna mwalimu mwenzake anayezama nje. Akangoja.

Safari hii haikuchukua hata muda. "Nipo, mwalimu."

Basi. Hakuna aliyefanya shwiii. Nilikuwepo mimi tu nje, na bomba. Sauti yake ni nzito kidogo, ina utulivu. Nilijikuta nimesimama pale, maji yanaingia mgongoni na kutokea miguuni, nalia. Ni vizuri kwamba nilikuwa nimelowa. Mama yake aliikunja bahasha mara mbili, akaitia mfukoni, akashika mwimo wa mlango kwa mkono kama mtu aliyetua mzigo.

Jina alilolitaja Rula sikulisikia vizuri. Maji yalikuwa masikioni.

Jumatatu, 18 Machi

Mambo mengi.

Kwanza, shule haina maji tangu Ijumaa. Fundi ananiangalia vibaya. Pili, makamu wa mkuu ameteuliwa. Rula. Nimempongeza kwa moyo mkunjufu. Nilikwenda kuona ofisi yake, na kwa kweli lile dirisha halifai. Linatazama shimo langu moja kwa moja. Alikuwa hana pazia. Nimempa kile kitambaa cha kijani, mambo yaishe.

Tatu, na hili ni zito. Tangu asubuhi, kila ninapopita, nasikia "shwiii". Kwenye korido. Kwenye uwanja. Hata jikoni! Mpishi yule! Nilipogeuka kila mtu alikuwa anatazama dari. Kidato cha kwanza wameshaniita Mkuu wa Maji. Imeniuma. Naandika wazi, imeniuma sana, nilikaa maktaba kipindi kizima kwa sababu sikutaka kupita uwanjani. Ni ukatili ulioje, mtu mzima mwenye adabu zake kufungiwa ndani ya kosa la siku moja! Sijui watoto hawa wanajifunzia wapi. Lazima iundwe kamati.

Nne. Darasani, saa mbili, nimeshika tena daftari langu. Nikaita majina. Sikuinua macho, sina haja, sauti zote nazijua. Nikafika kwa wa dawati la tatu. Kimya kidogo, kile cha kufikiri. Kalamu yangu nyekundu ilikuwa imeshaanza kuzunguka, ndipo akasema nipo. Nilifurahi mno! Nikatupa kalamu, nikapiga kofi, nikasema kwa sauti ili kila mtu afurahi pamoja nami, "Haya! Leo bomba limetoa maji!"

Hakuna aliyecheka. Ajabu. Hata wale wa nyuma. Walimtazama yeye.

Akasimama. Akanitazama usoni. Nikangoja, kwa sababu sikuwa na la kufanya. Akasema polepole, bila hasira, neno moja moja, "Jina langu limo kwenye daftari, mwalimu."

Maneno sita! Nilihesabu! Mtoto aliyekaa kimya miezi miwili ametamka sentensi kamili mbele ya watu thelathini na saba, kichwa juu, hakutetemeka. Akaketi. Dawati la nyuma yake mtu akampigapiga bega. Machozi yalinilenga. Ni ushindi wa kamati, na nitauandika hivyo kwenye ripoti.

Nikatazama daftarini kama alivyosema. Ni kweli limo. Limo tangu Januari, kwenye mstari wake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na mbele yake vile vijiduara vyekundu na lile tundu la kifutio. Jina zuri. Refu kiasi, mtu unaweza kulisahau.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi nyumbani nikitazama juu. Msichana jasiri namna ile hastahili kuitwa Bomba Kavu tena. Kesho asubuhi, mbele ya darasa zima, nitampa la kwake jipya. Nimeshalipata. Ni kali!